Mkoba wa Bastola Usiolegea
Kwenye mashindano ya IPSC, shirikisho la ulengaji shabaha lililoanzishwa Columbia, Missouri, mwaka 1976, bastola ikimdondoka mshindani katikati ya zoezi, anaondolewa papo hapo. Kwa hiyo mkoba uliolegea usivumiliwe. Wengi hukimbilia kukaza skrubu za mkoba hadi mwisho. Bastola hushikika, ila kuichomoa huwa kama kung'oa msumari. Dawa hasa ni kukagua plastiki ya Kydex ya mkoba ilipokwaruzika, kuipasha moto kidogo penye kinga ya kifyatulio, kuibana juu ya bastola ya bandia, si ya kweli, kisha kuiacha ipoe. Kipande cha mpira chini ya skrubu humalizia marekebisho. Lakini plastiki inayofunika kifyatulio isikatwe hata kidogo.