Barua pepe kwa jina la kampuni: bure imekwisha, wezi wamebaki

Wafanyabiashara na wasafirishaji wengi wa Afrika Mashariki bado wanaendesha shughuli za mamilioni ya shilingi kwa anwani ya barua pepe ya bure, aghalabu ile aliyoifungua karani siku ya kwanza kazini.

Lakini mambo matatu yamebadilika, na yote yanamgusa mwenye lori na mwenye mzigo. Huduma ya bure kwa makampuni imefungwa, masharti ya kupokelewa kwa barua yamekazwa, na wezi wa ankara wamezidi kuwa wajanja.

Ilivyoanza

Mwezi Februari 2006 Google ilianza kujaribu huduma iliyoiwezesha kampuni kutumia Gmail kwa jina lake yenyewe la kikoa, yaani yale maneno yanayofuata alama ya @. Kampuni ililipia jina tu; seva, ulinzi na nafasi ya kuhifadhi barua vilikuwa juu ya Google.

Neema hiyo haikudumu. Desemba 2012 Google iliacha kuandikisha makampuni mapya bila malipo. Microsoft nayo iliwafungia mlango wateja wapya wa huduma yake ya namna hiyo mwaka 2014. Januari 2022 ikawa zamu ya wateja wa zamani wa Google: walitakiwa kulipa au kuhama. Baadaye mwaka huo waliokuwa wakiitumia kwa mambo binafsi waliruhusiwa kubaki bure. Wenye biashara hawakupata msamaha huo.

Leo malipo huhesabiwa kwa kila mtumiaji, kwa kila mwezi. Tuseme bei ni dola 6: kampuni yenye watumishi 8 italipa dola 48 kwa mwezi, yaani dola 576 kwa mwaka. Kwa msafirishaji mdogo hiyo si pesa ya kudharau.

Anwani ni ya nani?

Hata hivyo, swali la msingi si bei, bali ni umiliki.

Chukua mfano wa kampuni yenye malori kumi yanayobeba mizigo kutoka Dar es Salaam kwenda Kigali kupitia Rusumo. Hati za shehena, profoma, maagizo ya wakala wa forodha na madai ya wateja vyote vinaingia katika anwani binafsi ya karani mmoja. Karani akihamia kwa mshindani, anaondoka na kumbukumbu zote, na wateja wanaendelea kumwandikia yeye.

Anwani ikiwa chini ya jina la kampuni, mwenye kampuni hubadilisha neno la siri siku hiyo hiyo, na barua zinamfikia mrithi wa kazi. Faida nyingine ni kwamba mtoa huduma akipandisha bei, unahama na jina lako. Kinachobadilishwa ni maelekezo ya mahali barua zinapopelekwa. Mteja wa Lubumbashi au Kampala haoni tofauti.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Jina huandikishwa na fundi wa kompyuta, kwa jina lake na kwa anwani yake. Wakikosana, kampuni inagundua kwamba ilikuwa mpangaji tu. Na jina lisipolipiwa kwa wakati, barua hukatika. Likiachwa kabisa, mtu mwingine anaweza kulinunua na kuanza kupokea barua zilizokusudiwa kwako.

Masharti ya 2024

Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinataka kila anayetuma barua kwa wateja wao athibitishe kwamba jina analotumia ni lake. Uthibitisho huo hufanywa kwa kumbukumbu zinazowekwa kwenye jina la kikoa, zijulikanazo kama SPF na DKIM. Wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku wanatakiwa kuwa na zote mbili, pamoja na ya tatu iitwayo DMARC.

Aliyenunua jina na kuacha kazi hii nusu anaweza kuona profoma yake ikiangukia kwenye kapu la barua taka, wakati mteja anasubiri na lori limesimama.

Tahadhari hiyo inawahusu pia wanaotumia seva za bei nafuu zinazogawanywa na watu wengi. Mmoja wao akituma barua taka, seva nzima huweza kuwekwa kwenye orodha ya wasioaminika, na wewe umo.

Wizi wa ankara

Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilipokea taarifa za hasara ya takriban dola bilioni 2.9 mwaka 2023 kutokana na udanganyifu wa barua pepe za kibiashara. Mbinu ni ileile: mwizi hufuatilia mazungumzo, kisha malipo yanapokaribia hutuma barua kwamba akaunti ya benki imebadilika.

Jina lako mwenyewe, likiwa na kumbukumbu hizo tatu zilizowekwa barabara, humzuia mwizi kuandika kwa jina lilelile. Halimzuii kununua jina linalofanana nalo. Neno "mizigo" likiandikwa "rnizigo", macho yaliyochoka hayatambui. Wala halisaidii kama ameshaiba neno lako la siri.

La kufanya

Andikisha jina kwa jina la kampuni, kupitia wakala anayetambuliwa na msajili wa nchi yako. Lilipie miaka kadhaa mbele ikiwezekana.

Punguza gharama kwa kulipia watu, si kazi. Kwa watoa huduma wengi anwani kama hesabu@ au mizigo@ huweza kuelekezwa kwa mtumishi aliyekwisha kulipiwa, bila malipo ya ziada.

Washa uthibitisho wa hatua mbili kwa kila mtumishi. Kagua pia mipangilio ya kuelekeza barua, kwani mwizi aliyeingia mara moja huweza kuacha maagizo ya kujitumia nakala kwa siri.

Ukihama, usifunge anwani ya zamani. Iache ikipeleka barua kwenye mpya mpaka wateja wote wazoee.

Na akaunti ya benki ikibadilika, usijibu barua hiyo wala usipige namba iliyoandikwa ndani yake. Piga namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Simu ya dakika mbili kuvuka mpaka ni nafuu kuliko thamani ya kontena zima.