LESENI YA MSOMA KARATA ISIWE MHURI WA UKWELI



Wenzetu wametuuliza kama wasoma karata, watabiri wa nyota na wapiga ramli nao ni wafanyakazi, na kama inafaa serikali iwape leseni. Wengine wanacheka. Sisi hatucheki, maana fedha zinazokwenda huko ni mishahara yetu.

Huko Romania, tangu Januari 2011, watabiri na wachawi waliingizwa katika orodha ya kazi zinazotambuliwa. Wakatakiwa kulipa kodi ya mapato ya asilimia 16 iliyokuwapo wakati ule, na kuchangia matibabu na pensheni. Baadhi yao walikasirika wakaenda kutupa mmea wa sumu katika mto Danube ili kuiloga serikali. Kodi ilibaki palepale. Lakini hilo la pensheni tunaliunga mkono. Mama anayekaa na karata zake za taroti mezani kutwa nzima anazeeka kama fundi cherehani.

Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, anayetabiri kwa malipo lazima apate leseni ya mji wake, na awe amekaa mji huo miezi 12 mfululizo. Ada haizidi dola 50. Asiye na leseni hutozwa faini isiyozidi dola 100. Angalieni vizuri: sheria hiyo haina mtihani. Haiulizi kama mtu anajua kutabiri, inauliza anakaa wapi, na kwa maoni yetu hapo ina akili, kwani aliyetapeliwa atajua mlango wa kubisha. Dereva wa lori hupimwa barabarani. Mtabiri atapimwa wapi, na nani atamsahihisha? Wapo watu binafsi wanaouza vyeti vya taroti. Cheti hicho kinaweza kuonyesha kwamba umejifunza maana za karata 78, basi.

Sisi tulio Uganda tuwatazame jirani zetu Tanzania. Mwaka 2002 walitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, waganga wakatakiwa kusajiliwa. Januari 2015 serikali ikawapiga marufuku wapiga ramli, kwa kuwa watu wenye ualbino walikuwa wakiuawa kwa ajili ya viungo vyao. Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu tu ya macho mekundu. Ndiyo ramli chonganishi hiyo: mtoto anaugua, baba anaambiwa jirani ndiye mchawi, na usiku panga linatoka. Sasa mtu wa namna hiyo akitundika ukutani karatasi ya serikali, mteja ataelewa nini? Mkulima hasomi vifungu vya sheria. Anaona mhuri.

Kwa hiyo tunadai hivi. Mtabiri aandikishwe kwa jina na mahali, alipe kodi, achangie uzee wake. Bei iandikwe mlangoni. Leseni yenyewe iseme kwa herufi kubwa kwamba serikali haikupima utabiri wake. Na atakayemtaja mtu kuwa mchawi anyang'anywe leseni siku hiyohiyo na afikishwe mahakamani.

Matawi yalete maoni kabla ya kikao kijacho. Na ndugu wanaotaka kukopa akiba ya chama kwa ajili ya ramli ya kupandishwa cheo, waje kwanza ofisini tuzungumze.