Kalamu ya Msamaha Isishikwe na Mtu Peke Yake



Mwaka 1993 Serikali ilipoanza kutoza ada ya matibabu hospitalini, ilisema pia asiyejiweza asamehewe. Sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii ya mwaka 2001 ikaweka njia: Halmashauri ya Kijiji ipendekeze, Kamati ya Afya ya Kata isamehe. Njia nzuri. Lakini asiyejiweza ni nani? Hapo ndipo pana ugomvi. Huku mwenye kuku watatu huitwa masikini, kijiji cha pili mwenye mbuzi mmoja huitwa tajiri. Bibi kizee hukataliwa eti ana mtoto mjini, na huyo mtoto haleti hata senti.

Mimi nasema hivi: watendaji wa vijiji, maafisa ustawi wa jamii na waganga wa zahanati waunde chama chao wilayani. Wakulima wana chama, walimu wana chama, lakini hawa wanaoshika kalamu ya msamaha kila mmoja yuko kivyake. Wakikutana watapatana kipimo kimoja, watafundishana kazi, na mwenye upendeleo ataonywa na wenzake. Siyo chama cha kula posho, la!

Homa haingoji vikao. Tulizungumze hili kwenye mkutano wa kijiji.

Katibu wa Tawi