KONA YA MWALIMU: Tabibu Aliyesahau Uhalifu Wake



Huenda baadhi yenu mkajiuliza, mwalimu mzee ana nini na sinema? Jawabu langu ni kwamba zipo sinema zenye mafunzo, na mojawapo ni "Crime Doctor", iliyotengenezwa Marekani na kampuni ya Columbia mwaka 1943. Niliitazama mwezi uliopita pamoja na mjukuu wangu. Kwanza aliguna kuona picha haina rangi. Kisha hakuinuka hadi mwisho.

Kisa chenyewe ni hiki. Mtu anatupwa kutoka garini, anaokotwa kando ya njia akiwa amejeruhiwa kichwani, wala hajui yeye ni nani. Hospitalini anapewa jina jipya, Robert Ordway. Kwa hamu ya kujijua, anajifunza elimu ya nafsi, na baada ya miaka anakuwa tabibu mashuhuri wa maradhi ya akili, mwenye kuwaonea huruma wafungwa na kuwasaidia waanze upya. Anayeigiza ni Warner Baxter, aliyekwisha kupata tuzo ya Oscar kwa filamu "In Old Arizona".

Kumbe watu wa zamani hawakumsahau. Wanamjia wakidai fedha za wizi alizozificha. Hapo mpelelezi analazimika kujipeleleza mwenyewe, na kumbukumbu zinaporudi anatambua kwamba yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa genge lao.

Angaliweza kunyamaza. Badala yake anasimama mbele ya mahakama. Anatiwa hatiani, lakini hakimu, kwa kuyatazama mema aliyoyatenda, anaisimamisha adhabu. Sinema hiyo ilipendwa hata zikafuata nyingine tisa hadi mwaka 1949, Ordway akifumbua uhalifu wa watu wengine.

Mjukuu wangu akaniuliza: "Babu, kama alisahau, kosa lilikuwa lake bado?"

Nikamjibu: "Yeye alisahau, mjukuu wangu. Aliyeibiwa hakusahau."

Nilipokwisha kulitamka neno hilo, lilinigeukia mimi. Nilipoondoka Tanga mwaka 1988, mwalimu mwenzangu alinikopesha sehemu ya nauli. Hatukuandikiana, tuliaminiana. Nilipofika ugenini nilipata kazi, nikapata watoto, nikapata heshima ya kuitwa mwalimu, na deni lile nikaliacha lizame. Mwenzangu amekwisha fariki, Mungu amrehemu, wala hakunidai hata siku moja.

Masheikh wetu wametufundisha kwamba toba ni kuliacha kosa, kulijutia na kuazimia kutolirudia. Na ikiwa kosa lahusu haki ya mja, sharti haki hiyo irudishwe kwa mwenyewe au kwa warithi wake. Ordway hakuipata nafuu yake kwa udaktari wala kwa jina jipya. Aliipata alipokubali kuitwa kwa jina lake la zamani.

Wiki hiyo hiyo niliwatafuta watoto wa marehemu, nikawaeleza habari yote, nikawapelekea haki yao. Binti yake alilia kwenye simu. Alisema baba yao alikuwa akinitaja kwa wema.

Ndugu zangu, sisi tuliovuka bahari tumepewa fursa ya kuanza upya, nayo ni neema kubwa. Lakini bahari haifuti daftari. Kila mmoja wetu na aketi usiku mmoja ajipeleleze: nani nyumbani angali akinisubiri? Wahenga walikwisha sema, dawa ya deni ni kulipa.

Wabillahi tawfiq.