Usiniambie Nilikuwa na Tamaa

Mtu mwingine akisema "tamaa" mbele yangu kuhusu mtu aliyetapeliwa mtandaoni, nitamtumia bili ya friji.

Najua jinsi mnavyolisema hilo neno. Mtu anaandika kwenye grupu kwamba alituma elfu tatu za viatu na sasa namba haipatikani. Hajamaliza hata kueleza, tayari mmemjibu: rahisi huwa ghali, tamaa mbele mauti nyuma, kwani hukujiuliza mbona bei iko chini hivyo? Halafu zinafuata zile emoji za kucheka hadi machozi. Hakuna anayeuliza namba ya huyo mkora ni gani. Hakuna anayetaka kuona tangazo lilivyoandikwa. Kesi imesikizwa, mshtakiwa ni yule aliyeibiwa, na hukumu imetoka kabla ya chai.

Basi nisikizeni na mimi. Mwaka jana dadangu alitaka friji ya kioo. Anauza maziwa na mala Kayole, kwa kibanda cha mabati, na ikifika saa nane mchana jua limekaa juu ya hayo mabati, maziwa freshi yaliyobaki yanaanza kugeuka mala bila kumwomba ruhusa. Dukani friji mpya ya ukubwa aliotaka ilikuwa zaidi ya elfu hamsini. Yeye alikuwa na elfu ishirini, pesa ya chama, zamu yake ilikuwa imefika. Akanipa kazi ya kutafuta kwa sababu mimi, kwa maneno yake, ndiye "mtu wa mitandao."

Nikaipata ya 18,000. Mwenyewe alisema anaishi Syokimau na anahamia Kanada, kwa hivyo anauza kila kitu: kochi, runinga, kitanda, hadi sufuria. Picha zilikuwa safi, vigae vinang'aa, pazia la kijivu nyuma. Nilipomwandikia alijibu kwa heshima, akaniita bosi, akanitumia picha ya kitambulisho chake hata kabla sijaomba. "Bosi wangu, kuna jamaa anakuja kuichukua jioni. Ukiniwekea 5,000 namwambia imeenda." Nikasema wacha nije niione kwanza. Akasema yuko mjini siku nzima na mambo ya viza, na soja wa geti haruhusu mgeni kama mwenye nyumba hayuko. Nikatuma. Jina lililotokea kwa M-Pesa halikuwa lile la kitambulisho. Alikuwa na jibu: hiyo ni laini ya mke wangu. Baada ya saa mbili pikapu ilikuwa "ishapakia" na dereva alitaka 4,000 za mafuta. Nikatuma tena.

Hapo kwa 4,000 ndipo mnapocheka zaidi, na siwalaumu. Lakini ile ya pili hutumi kwa sababu unataka friji. Unatuma kwa sababu unataka ile ya kwanza isiwe imepotea. Ndiyo maana kila tapeli ana dereva, na kila dereva ameishiwa na mafuta.

Elfu tisa, za mtu mwingine. Nilipotuma ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 kuomba zirudishwe, zilikuwa zishatolewa. Ukifanya hivyo dakika hiyo hiyo una nafasi. Mimi nilikuwa nimekaa kando ya barabara nikingoja pikapu.

Sasa niambieni tamaa ilikuwa wapi. Bei ile haikutuvuta kwa sababu ilikuwa ndogo. Ilituvuta kwa sababu ilikuwa sawa na pesa tuliyokuwa nayo. Na katika mji huu bei ya chini si muujiza. Nenda Gikomba asubuhi na mapema mtumba ukifunguliwa. Nenda Juja muhula ukiisha, utapata mwanafunzi anauza godoro na meko kwa bei ya nauli ya kurudi kwao. Mwisho wa mwezi kuna mtu mahali anauza simu nzuri kwa hasara kwa sababu landilodi amepiga kufuli kwa mlango. Wengi wetu tumejaza bedsita zetu kwa shida za watu wengine; hivyo ndivyo tunaishi. Ukiniambia nikimbie kila bei ya chini, unaniambia ninunue vitu kama mtu mwenye mshahara wako.

Kwa hivyo huo ushauri wa kuangalia bei nimeutupa. Siku hizi naangalia sababu ya bei, na nauliza swali moja: hiyo sababu inamfanya huyu mtu atake nije haraka, ama inanizuia nisije?

Fikiria kidogo. Mtu anayehama kweli ana shida moja tu, na shida yenyewe ni friji. Iko hapo sebuleni, nyumba inarudishwa Jumamosi, na kila siku inayopita bei inashuka. Atakuomba uje leo. Atakutumia lokesheni kabla ya salamu. Wa kwangu alikuwa anahamia Kanada, na Kanada hiyo hiyo ndiyo ilifanya friji iwe rahisi, ndiyo ilifanya asipatikane, ndiyo ilifanya pesa iende kwa laini ya mke. Sababu moja ilikuwa inafanya kazi zote. Badilisha Kanada uweke uhamisho wa kazi, mgonjwa hospitalini, mzigo uliokwama bandarini Mombasa, utaona ni mashine ile ile. Bei ni kelele tu ya kukufanya uangalie pale, huku pesa yako ikitoka kabla ya kitu kuonekana.

Wazee wa Nairobi wanaijua pata potea ya barabarani, na ile simu inayofungwa vizuri kwa karatasi, ukifika nyumbani imegeuka kipande cha sabuni. Lakini hata yule mkora wa barabarani alilazimika kukuonyesha simu, ukaishika, ukaiwasha. Ilibidi awe na mikono myepesi na miguu ya kukimbia. Wetu wa mtandaoni hahitaji hata sabuni.

Na kile kitambulisho? Nilikuja kufikiria baadaye kwamba yule mtu wa kwenye picha labda ni mteja kama mimi. Aliambiwa atume kitambulisho "ili tuandikiane," akatuma, na sasa uso wake unauza friji ambayo hajawahi kuiona. Ndiyo maana mtu akinitumia chake bila kuombwa, najua dakika si nyingi ataomba changu.

Nilienda kituoni kuripoti. Sitataja ni kituo gani kwa sababu naamini kingine kingefanya vivyo hivyo. Afande aliniuliza ni pesa ngapi, nikasema elfu tisa, akaweka kalamu chini. "Na wewe pia ulikuwa na tamaa." Tuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni tangu 2018, ulaghai wa namna hii umo ndani yake, na kila laini ya simu nchini inatakiwa isajiliwe kwa jina la mtu. Lakini neno moja lilitosha kuokoa afande kazi ya kuandika kwenye OB. Tapeli anaelewa hesabu hii vizuri kuliko sisi. Haibi laki moja kwa mtu mmoja, kwa sababu mwenye laki atatafuta wakili. Anaiba tatu hapa, tano pale, kiasi ambacho nauli ya kufuatilia na aibu ya kueleza vinakifanya kisifae kufuatwa.

Hao wenye soko la mtandaoni nao wana hadithi yao. Chini ya tangazo lile kulikuwa na maandishi madogo ya kijivu: usilipe kabla ya kuona bidhaa. Asante sana. Juu ya hayo maandishi kulikuwa na alama kuonyesha kwamba muuzaji amelipia tangazo lake likae mbele ya mengine. Kwa hivyo pesa za tapeli mlipokea, mkamweka dirishani, kisha mkaniambia nijichunge. Niliripoti. Tangazo lilitoweka baada ya siku tatu, likarudi kwa jina lingine na pazia lile lile la kijivu. Mwenye duka Luthuli akiuza kioo cha simu feki, angalau najua ngazi za kupanda kwenda kumpigia kelele.

Wauzaji pia wanaumia, msidhani ni sisi wanunuzi tu. Beshte yangu aliuza runinga, mnunuzi akamwonyesha ujumbe wa M-Pesa wenye kila kitu, kodi, jina, saa, ila ulikuwa umetoka kwa namba ya kawaida ya simu. Runinga ilienda na bodaboda. Angeangalia salio tu.

Nilipoandika haya yote kwenye grupu ya mtaa, hadharani walinicheka watu kumi hivi. Inboksi waliingia wanne. "Hata mimi." "Usiambie mtu, mimi ilikuwa meko." Mmoja wao ndiye alikuwa ameandika kuhusu mauti nyuma. Wanne katika grupu moja, kila mmoja amekaa kimya na yake, na huenda ni pazia moja. Tungekuwa tumesema mapema, hiyo namba ningeijua kabla ya kutuma shilingi. Siku hizi ujumbe wa kitapeli naupeleka kwa 333, ni bure, halafu naubandika kwa grupu na namba yake. Wacha wacheke.

Dadangu hakunisema. Ilikuwa vibaya zaidi hivyo. Alikaa miezi minne zaidi na maziwa kwenye beseni la maji baridi, nami nikamlipa kidogo kidogo. Friji tulikuja kuipata Donholm, kwa mama mmoja aliyekuwa anafunga duka lake. Bei ilikuwa 15,000, chini kuliko ile ya mkora. Nilipouliza kama anataka deposito akaniangalia kama mtu asiye na akili. "Deposito ya nini? Njooni na gari. Muitoe hapa." Akaichomeka kwa stima, akaweka chupa ya maji ndani, akatuambia tukae tungoje ipoe ndio tumlipe. Tulikaa karibu saa nzima kwenye kreti za soda.

Namba ya yule mwingine bado ninayo, nimeihifadhi kama Friji Kanada. Wiki iliyopita aliweka picha mpya kwa stetasi. Anauza kochi.