Feni Inayopanda na Kushuka



Wapenzi wasomaji, juma lililopita tulikuwa safarini. Tuliondoka Mombasa kwenda Bondo, katika kaunti ya Siaya, kumzuru binti wa ndugu yetu aliyeolewa huko. Bondo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga, kilichopata hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2013, na riziki ya binti yetu inatoka kwa wanafunzi wa chuo hicho. Wao humletea maandishi yao, naye huyapiga chapa na kuyapanga kurasa usiku, watoto wanapokuwa wamelala.

Usiku wa kwanza hatukupata usingizi. Kompyuta yake ya mezani, iliyonunuliwa ikiwa imekwisha tumika ng'ambo, ilikuwa na feni isiyotulia. Ilivuma kwa nguvu kama injini ya mashua, ikanyamaza, na kabla jicho halijafumba ikavuma tena. Nyuma ya ukuta ule ule hulala mavyaa wake, mama mtu mzima mwenye maradhi ya moyo. Asubuhi binti yetu alituandalia chai, akainamisha kichwa, akasema: "Ami, mama amesema ama kompyuta itoke nyumbani, ama yeye arudi kwao shambani. Nami bila kompyuta, karo ya watoto sina." Mumewe, ambaye hununua samaki Usenge na kuwauza mjini, alikuwa amekwisha kuchoka kupatanisha.

Tulipouliza ni hatua gani zimechukuliwa, tulishtuka. Binti yetu alikuwa amelifunika sanduku la kompyuta kwa leso mbili ili kuizima sauti. Fundi mmoja naye alikuwa amemshauri aichomoe waya ya feni kabisa, akamhakikishia kwamba kazi ya kuandika tu haihitaji feni. Ushauri wa kwanza aliufuata, wa pili Mungu alimwepusha nao.

Ni vyema tufahamu feni ile inafanya kazi gani. Ndani ya kompyuta mna prosesa, kipande kidogo kinachofanya hesabu zote, na kila hesabu huzaa joto. Juu yake hukaa kipoza cha chuma chenye mapezi mengi membamba, na juu ya kipoza ndipo ilipo feni. Prosesa ina kipimajoto chake, na kompyuta huiamuru feni izunguke kasi au polepole kwa kadiri ya joto linalosomwa. Prosesa nyingi za siku hizi, joto likikaribia nyuzi 100, hujipunguzia kasi zenyewe, na likizidi hapo kompyuta hujizima. Mwenye kuichomoa waya atapata kimya kweli, lakini atapata pia kompyuta inayokwenda kwa kusuasua, na huenda ikazimika katikati ya ukurasa ambao haujahifadhiwa. Mwenye kuifunika kwa leso naye ameiziba pua, basi feni itavuma zaidi.

Lakini kwa nini ipande na kushuka? Hili ndilo lililomkera mavyaa, na tunamwelewa. Sikio la binadamu huizoea sauti iliyo sawasawa. Sisi wa pwani hulala kando ya bahari inayovuma usiku kucha, na mvua juu ya mabati hutubembeleza. Bomba likidondosha tone moja moja, hakuna alalaye. Prosesa haifanyi kazi kwa mfululizo. Ukifungua faili, joto lake laweza kupanda nyuzi kumi au zaidi kwa sekunde moja, kisha likashuka mara hiyo hiyo. Feni inayofuata kila ruko la joto ni kama mpishi anayetia makaa kila wali unapotulia na kuyatoa kila unapochemka. Chungu hakina haraka hiyo, na kipoza cha chuma nacho hakina haraka hiyo. Chaweza kulibeba joto la sekunde chache bila feni kuhangaika.

Tulimwita kijana wa jirani anayesomea mambo ya tarakilishi pale chuoni. Sisi si mafundi, ila tumeihariri kurasa hii kwa kompyuta miaka mingi na tumejifunza kwa shida zetu. Tulifanya kazi hii pamoja asubuhi moja, na tunaieleza hatua kwa hatua kwa sababu tunajua nyumba nyingi za wasomaji wetu zina kompyuta ya namna hii.

Kwanza ni kusafisha. Kompyuta ilizimwa, waya wa umeme ukachomolewa ukutani, sanduku likafunguliwa nje uani. Mapezi ya kipoza yalikuwa hayaonekani. Familia hii iliwahi kukaa Usenge, ufuoni, ambako wale wadudu wadogo wa ziwani huinuka kama wingu la moshi na kuifuata taa ya usiku. Miili yao ilikuwa imeshikana na vumbi jekundu na moshi wa jiko, ikawa kama blanketi. Tulitumia brashi laini ya rangi, iliyo mpya na kavu, na pampu ya baiskeli kupulizia. Kijana aliyashika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke wakati wa kupuliza, kwani kuyazungusha kwa nguvu huharibu feni.

Pili ni ile grisi maalumu ikaayo baina ya prosesa na kipoza. Kazi yake ni kujaza vijinafasi visivyoonekana kwa macho, joto lipite. Baada ya miaka hukauka ikawa kama chokaa. Kijana alikitoa kipoza, akaifuta ya zamani kwa kitambaa kisicho na manyoya kilichotiwa isopropili, akatia mpya kiasi cha punje ya dengu, akakirudisha na kukaza skrubu kwa kupishana pembe. Msomaji asiyewahi kuifanya kazi hii na amwachie mwenye mkono uliozoea, kwani prosesa ikipindwa miguu haitengenezeki kwa urahisi.

Tatu ni kuitazama feni yenyewe. Ikiwa inakwaruza au inatikisika hata ikienda polepole, beringi zake zimekwisha, na dawa yake ni kununua nyingine. Hii ya binti yetu ilikuwa nzima.

Nne ni kuifundisha subira. Katika kompyuta nyingi, ukiiwasha na kuingia katika mipangilio ya bayosi, hukuta mahali pa kuchagua feni izunguke kiasi gani katika joto gani, na ingoje sekunde ngapi kabla ya kubadilika. Panapo nafasi hiyo, iachie feni mwendo mmoja wa chini mpaka nyuzi 60 hivi, kisha ipande taratibu, na uiongezee muda wa kungoja. Mwendo una athari kubwa katika sauti. Feni ikipunguzwa kasi kwa nusu, sauti hupungua kwa takriban desibeli 15, na sikio huhisi nusu ya ukelele kwa kila desibeli 10. Hata hivyo hewa nayo hupungua kwa nusu, na ndiyo maana hatua hii huja baada ya kusafisha, wala haiji kabla.

Bayosi ya kompyuta ya binti yetu haikuwa na nafasi hiyo. Tukageukia njia ya tano. Prosesa nyingi zina tabia ya kujiongezea kasi kwa ghafla kazi inapoingia, na marukio hayo ndiyo yanayoamsha feni. Katika Windows, ndani ya mipangilio ya umeme, kuna kiwango cha juu kabisa ambacho prosesa inaruhusiwa kufikia. Kilikuwa asilimia 100, tukakiweka 99. Tofauti ya asilimia moja yaonekana ndogo, lakini katika kompyuta nyingi huzuia ule mruko wa ghafla. Mwenye kutengeneza picha za video ataona kazi yake imechelewa. Mwenye kuandika barua na kupanga kurasa hataona tofauti.

Mwisho tuliliinua sanduku kutoka sakafuni, likawekwa juu ya kistuli, mbali kidogo na ukuta, chini yake mkeka uliokunjwa ili mtikisiko usipite kwenye saruji. Tundu zote za hewa zikaachwa wazi. Leso zikarudi kabatini.

Kabla ya kazi, kwa programu ya bure ya kupimia joto, tulikuwa tumesoma nyuzi 86 binti yetu akiandika tu. Baada yake tukasoma 52. Gharama yote ilikuwa grisi, chupa ndogo ya isopropili na brashi. Kijana alikataa malipo, akakubali sahani ya biriani.

Usiku ule binti yetu aliketi kazini kama kawaida. Sisi tulilala. Asubuhi mavyaa wake alitoka, akakaa kwenye kiti chake, akamtazama mkaza mwana wake kwa wasiwasi.

"Jana hukufanya kazi?" akauliza. "Usiiache kwa sababu yangu. Mimi niliongea kwa uchovu."

"Nilifanya mpaka saa nane, mama."

Mama yule alinyamaza kidogo, akaomba aongezewe chai. Habari ya kurudi shambani haikutajwa tena mpaka tulipoondoka.

Tumemwachia binti yetu ile brashi, na tarehe tumeiandika katika kalenda iliyo ukutani: kila baada ya miezi mitatu, sanduku lifunguliwe. Nanyi wasomaji wetu, ikiwa feni ya nyumbani kwenu imeanza kuvuma, msikimbilie leso wala msiukate waya. Ifungueni muone imebeba nini.

Wabillahi tawfiq.