Usikate Waya Upesi

Ndugu msomaji, ikiwa wewe au kijana wako hushughulika na redio ya ridhaa, yaani mawasiliano ya kujifunza na kujiburudisha yasiyo ya biashara, na nyumba yenu iko karibu na mlingoti wa kituo kikubwa cha utangazaji, yafaa mlijue jambo hili kabla hamjashika koleo kukata waya wa antena.

Kipimo cha antena hupeleka katika waya mawimbi yenye nguvu ndogo mno, sehemu ndogo tu ya wati moja, kisha hupima kiasi kinachorudi. Kikirudi kidogo, antena inalingana na mtambo. Kikirudi kingi, hailingani, na transista za mtambo zaweza kuungua. Lakini vipimo vingi hupima kwa dayodi, na dayodi haichagui: huhesabu kila umeme unaoifikia, uwe wa kipimo chenyewe au wa jirani.

Na jirani aweza kuwa na nguvu nyingi. Huko Mason, katika jimbo la Ohio, Marekani, kituo cha WLW hutangaza kwa kilowati 50 katika kilohezi 700. Kati ya mwaka 1934 na 1939 kilipata kutumia kilowati 500. Waya wa mita 40 hivi, unaofaa kwa kilohezi 3,600, ukitundikwa karibu na mlingoti kama huo, waweza kupokea umeme mwingi kuliko ule wa kipimo. Hapo kipimo kitasema antena ni mbovu, ilhali ni nzima. Mwenyewe atakata waya, apime, akate tena. Na waya uliokatwa haurefuki.

Dalili ni mbili. Kwanza, hata ukigeuza masafa, hupati mahali popote panapolingana. Pili, mshale hutikisika kwa kufuata maneno au muziki wa kituo.

Dawa iliyozoeleka ni kuweka, kati ya antena na kipimo, kichujio kinachozuia masafa ya kati na kupitisha yaliyo juu yake. Lakini kichujio nacho chaweza kupotosha. Kwa hiyo, kabla ya kuunganisha antena, funga resista ya omu 50 mahali pake. Kipimo kisipoonyesha uwiano wa 1 kwa 1, kichujio hicho hakifai kwa masafa unayopima. Jihadhari hasa kwenye kilohezi 1,800, zilizo jirani na mpaka wa masafa ya kati.

Mwenye leseni aweza pia kutumia mtambo wake kwa wati 10, pamoja na kipimo cha nguvu inayokwenda na inayorudi. Mbele ya wati 10, umeme wa jirani huwa kitu kidogo. Asikilize kwanza kama masafa yana mtu, ajitambulishe, kisha apime kwa muda mfupi.

Basi, ndugu msomaji, koleo na lingoje mpaka njia hizi mbili zitoe jibu moja.